Acha Maji Yaingie: Thrasta ya Kujitengenezea kwa Roboti ya Bwawani

Mwambie mtu wa Dodoma kwamba unatengeneza roboti ya kuogelea chini ya maji, atakuuliza: maji yapi? Ni swali la haki. Jiji liko kwenye nyanda kame, mvua ni ya msimu mmoja, na sehemu kubwa ya maji ya bombani hutoka kwenye visima vya Makutupora. Lakini ukishuka kusini hadi mpakani na Iringa unalikuta bwawa la Mtera, lililokamilika mwaka 1980 kwenye mto Ruaha Mkuu. Maji yake huendesha mitambo ya megawati 80 palepale, kisha huteremka kuendesha megawati 204 nyingine Kidatu. Kaskazini mashariki mwa jiji kuna Hombolo, bwawa la mwaka 1957. Vijijini kuna malambo ya mifugo. Kote huko kuna mambo ambayo hakuna anayeyaona: tope limepanda kiasi gani, ukuta una ufa wapi, pampu imezibwa na nini, wavu umenasa kwenye gogo lipi. Mzamiaji ni ghali, na Mtera kuna mamba na viboko. Roboti ikiliwa haiachi mjane.

Fremu ya roboti haina ugumu: mabomba ya PVC, viungio vyake na gundi, vyote vinapatikana duka lolote la vifaa vya ujenzi. Kamera inanunuliwa. Kinachowashinda wengi ni thrasta, yaani mota yenye propela inayoisukuma roboti ndani ya maji. Wanashindwa kwa sababu wanaanza na wazo lililopinda: wanahangaika kuzuia maji yasiingie ndani ya mota.

Wazo hilo lina asili yake. Mota ya kawaida, kama ya waipa ya gari, ina kaboni zinazosugua kwenye shaba inayozunguka, na hapo ndipo umeme unapoingilia. Sehemu inayosuguana huwezi kuipaka kitu, kwa hiyo inabidi uifungie mota yote ndani ya kopo na kuutoa shafti kupitia sili ya mpira. Sasa kila mita 10 za kina huongeza karibu kilo moja ya mgandamizo kwa kila sentimita ya mraba. Ukifika mita 20, sili inayobana shafti unaozunguka inasukumwa na kilo mbili kila sentimita ya mraba, mchanga unaisugua, na grisi inatoka kidogokidogo. Itavuja tu. Swali ni lini.

Mota isiyo na kaboni, ile ya droni, imejengwa kinyume. Koili zimekaa tuli katikati, kwenye stata. Sumaku zimebandikwa ndani ya kikombe kinachozunguka kuizunguka stata hiyo. Hakuna umeme unaopita kwenye kitu kinachozunguka, na waya wa koili tayari una ngozi ya vanishi. Itumbukize kwenye ndoo ya maji baridi iwe inazunguka, na itaendelea kuzunguka. Kampuni ya Blue Robotics ya California ilianza kuuza thrasta ya T100 mwaka 2014 kwa msingi huohuo: mota iko wazi, maji yanapita katikati yake, yanaipoza na kuilainisha. Kwa kuwa maji yapo ndani na nje, mgandamizo ni sawa pande zote, na kina hakiisumbui mota hata kidogo. Mdogo wa T100, yaani T200, hutoa msukumo wa karibu kilo 5 kwa volti 16. Ukiwa na bajeti, nunua. Ukiwa huna, acha maji yaingie kwenye mota yako mwenyewe, halafu linda vile vitu vitatu tu vinavyodhurika: koili, sumaku na beringi.

Kwanza mota yenyewe. Kwenye ubavu au kwenye boksi lake huandikwa KV, idadi ya mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja pasipo mzigo. Mota za droni za mashindano huwa na KV 2,000 na zaidi. Hizo ziache. Maji ni mazito kuliko hewa karibu mara 800, na mota inayotaka kukimbia mizunguko elfu ishirini na kitu itaishia kula ampea nyingi na kuchemka bila kusukuma cha maana. Tafuta KV 300 hadi 500. Kariakoo, ambako tangu treni ya SGR ilipoanza mwaka 2024 mtu anaweza kwenda na kurudi Dodoma siku hiyohiyo, utakutana zaidi na mota za droni za kupigia picha zenye KV 900 hivi. Zinafaa, ila zinahitaji kazi kidogo, na kazi hiyo wanaiweza watu wasiojua kwamba wanaiweza: mafundi wa kusuka mota.

Wapo Dodoma, wanaishi kwa mashine za kusaga na pampu za visima zilizoungua. Mpelekee mota yako ndogo, atacheka kwanza kwa udogo wake, kisha umweleze mambo mawili. La kwanza: ukiongeza mizunguko ya waya kwenye kila jino la stata mara mbili, KV inashuka nusu, waya utabidi uwe mwembamba zaidi ili uenee. La pili ni rahisi zaidi. Mota nyingi ndogo za aina hii zimeungwa kwa mtindo wa delta. Ukizitenganisha ncha na kuziunga upya kwa mtindo wa nyota, KV inagawanywa kwa 1.73, na mota ya 920 inakuwa ya 530 bila kununua waya hata futi moja. Fundi aliyewahi kufunga stadelta kwenye mashine ya kusaga ataelewa kabla hujamaliza sentensi. Ukiiendesha mota hiyo kwa betri ya lithiamu ya seli mbili, volti 7.4, itataka mizunguko elfu 3 na mia tisa hivi bila mzigo. Huo ni mwendo wa thrasta.

Sasa ulinzi. Vanishi ya kiwandani ina matundu madogo yasiyoonekana, hasa pale waya unapokunja kona ya jino. Kwenye maji baridi ya Mtera unaweza usione tatizo kwa muda mrefu. Maji ya Hombolo yana chumvichumvi, na maji ya visima vingi vya Dodoma hali kadhalika; chumvi ikipata tundu, umeme unavuja, shaba inaliwa, na koili inakatika. Kwa hiyo paka epoksi. Vua kikombe cha sumaku kwa kutoa kile kikipete kinachofunga shafti nyuma, safisha stata kwa spiriti, iache ikauke kabisa, kisha idondoshee epoksi nyembamba kati ya meno mpaka koili zizame. Epoksi nzito ya kubandikia haipenyi. Tafuta ile ya maji inayotumika kutengenezea meza za mbao.

Hapa hali ya hewa ya Dodoma inaingia kazini. Mchana wa Oktoba epoksi inaweza kuganda kwenye kikopo kabla hujafika nusu ya meno, maana joto huiharakisha. Asubuhi ya Julai itakaa inanata hadi kesho. Na kuanzia Juni upepo unabeba vumbi jekundu linaloingia kila mahali, likiwemo kwenye epoksi mbichi, na vumbi hilo likigandia kwenye uso wa stata litakuja kusugua sumaku. Fanya kazi hii asubuhi, ndani, mlango umefungwa, na ukimaliza funika kwa beseni. Ikikauka, piga msasa taratibu kwenye uso wa nje wa meno. Nafasi kati ya jino na sumaku mara nyingi haifiki nusu milimita, kwa hiyo tone moja lililotuna linatosha kuifunga mota isizunguke.

Kabla ya kwenda mbele, pima. Weka chumvi ya mezani kwenye bakuli la maji, zamisha stata, weka testa kwenye kipimo kikubwa kabisa cha omu, ncha moja kwenye waya wa mota na nyingine ndani ya maji. Namba ikitokea, kuna tundu. Iache humo usiku kucha na upime tena asubuhi, kwa sababu tundu jembamba huchelewa kujaa.

Kuna njia moja ya maji ambayo karibu kila anayeanza anaisahau: waya wenyewe. Waya laini una nyuzi nyingi ndani ya ganda la plastiki, na kati ya nyuzi hizo kuna nafasi. Ganda likichubuka mahali popote chini ya maji, maji yatasafiri ndani ya waya kama mafuta yapandavyo kwenye utambi, yapite kwenye sili yako nzuri uliyohangaika nayo, na kuchungulia ndani ya boksi la elektroniki upande wa pili. Dawa yake: karibu na boksi, menya sentimita moja ya ganda bila kukata waya, yeyusha risasi ipenye kwenye nyuzi zote ziwe kitu kimoja, kisha zungushia epoksi juu ya sehemu hiyo iliyo uchi na juu ya ganda pande zote mbili. Maji yakifika hapo yanakuta ukuta. Kazi ya dakika kumi kwa kila waya, na thrasta moja ina nyaya tatu. Usiruke hata mmoja.

Sumaku ni za neodimiamu, na zinalindwa na ngozi nyembamba ya nikeli. Ikikwaruzwa, sumaku inaota kutu, inavimba na kukaba stata. Zipake nazo epoksi au vanishi ya kucha, safu nyembamba mbili. Hilo liko kwenye maelekezo ya kila mtu duniani. Lisiloandikwa sana ni hili la kwetu: chukua sumaku, funga na kamba, buruta kwenye mchanga wa korongo lolote la Dodoma. Itatoka na ndevu nyeusi. Ni chembe za madini ya chuma zilizosagika kutoka kwenye miamba yetu ya matale, na ziko hukohuko chini ya malambo na mabwawa. Mota iliyo wazi ikikaribia sakafu ya bwawa itazinyonya zote, zitajipanga kwenye sumaku, na ndani ya muda mfupi utasikia mkwaruzo. Ziba madirisha ya kikombe cha mota kwa epoksi na kipande cha plastiki, uache upenyo wa kuzunguka shafti tu. Weka miguu kwenye fremu ili thrasta zisishuke chini ya sentimita kumi na tano kutoka sakafuni. Na kila ukirudi nyumbani, vua kikombe usafishe kwa utepe wa gundi: bandika, bandua, tupa. Kitambaa kinazihamisha tu kutoka sumaku moja kwenda nyingine.

Beringi za chuma zinazokuja na mota zitaota kutu haraka. Zing'oe, uweke bushi za plastiki. Usitumie nailoni, maana hunyonya maji, huvimba na kubana shafti. Kibao cheupe cha plastiki cha kukatia mboga, kile kizito cha polithini, ni malighafi nzuri: mpelekee fundi wa kerezo, VETA au SIDO hawakosi wa kukuelekeza kwake, akuchongee bushi zenye tundu lililozidi shafti kwa sehemu ya kumi ya milimita. Mwambie pia akuwekee washa ya plastiki hiyohiyo upande wa kikombe, kwa kuwa thrasta ikisukuma mbele shafti huvutwa kwa nguvu, na kile kikipete cha nyuma hakikutengenezwa kubeba mzigo wa namna hiyo. Bushi hizi zinalainishwa na maji. Ukiendesha mota nje ya maji, iwe sekunde chache za kujaribu upande wa mzunguko, basi.

Propela ndiyo yenye kauli ya mwisho. Mtu atahangaika kutafuta mota kubwa wakati propela yake ni mbovu, akasahau kwamba msukumo haupandi sambamba na umeme. Propela ya kipenyo cha milimita 70 inahitaji, kwa hesabu safi ya fizikia, wati 11 hivi kutoa kilo moja ya msukumo. Kwa mota na propela za kujitengenezea, weka wati 35 hadi 45. Ukitaka kilo mbili kwa propela ileile, si wati 90. Ni karibu mara 2.8, yaani zaidi ya 100. Kuongeza kipenyo ni nafuu kuliko kuongeza umeme, ilimradi mota ina KV ndogo ya kuweza kuizungusha. Propela ya droni, iliyokusudiwa hewa, ni ndefu na nyembamba mno. Ndani ya maji inapinda. Chapa yako kwa printa ya 3D, yenye mapezi matatu au manne mapana, na uchague PETG badala ya PLA, kwa sababu PLA hulainika kwenye nyuzi 60 hivi, na gari lililoegeshwa juani Dodoma litakupindia propela zote kabla hujafika Mtera. Tengeneza nusu za kuzunguka kulia na nusu za kushoto, ili roboti isijipindue yenyewe.

Zungushia propela pete. Mjerumani Ludwig Kort alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba pete yenye umbo sahihi huongeza msukumo wa meli zinazokwenda polepole, na roboti yetu ni ya polepole kuliko meli yoyote. Kipande cha bomba la PVC la inchi tatu kinatosha kuanzia. Mdomo wa mbele uwe umetanuka kama tarumbeta: chovya ukingo wa bomba kwenye sufuria ya maji yanayochemka, ambayo kwa mwinuko wa Dodoma ni nyuzi 96 hivi, na hizo zinatosha kuilainisha PVC, kisha ulisukumie kwenye mabega ya chupa nene. Usilipashe juu ya mkaa. Moshi wa PVC ni sumu. Ncha za mapezi zikaribiane na pete, milimita moja ibaki. Mbele na nyuma weka nyaya za kuzuia nyuzi za nyavu. Mtera ni bwawa la wavuvi, na uzi wa nailoni ukishajizungusha kwenye shafti, roboti haitoki hadi uivute.

Vidhibiti mwendo, vile wauzaji wa droni wanavyoviita ESC, vinakaa ndani ya boksi kavu, vikiwa vimegandishwa kwenye bamba la alumini ambalo upande wake wa nje uko majini. Bila hivyo vitapika. Kimoja kwa kila mota. Vya droni huzungusha upande mmoja tu, kwa hiyo nunua vinavyokubali kupangwa upya kwa programu ya BLHeli, uviweke kwenye hali ya pande mbili: mapigo ya mikrosekunde 1,500 ni kusimama, juu yake ni mbele, chini yake ni nyuma. Mota ikitetemeka badala ya kuanza, ongeza nguvu ya kuanzia kwenye programu hiyo. Ikizunguka kinyume, badilisha nyaya mbili zozote kati ya tatu.

Betri iwe ndani ya roboti, isiwe ufukweni. Hesabu yake ni fupi. Kebo ya shaba ya milimita za mraba 1.5, mita 30 kwenda na 30 kurudi, ina karibu omu 0.7. Ampea 10 zikipita humo, volti 7 zinapotea njiani. Ukiwa na betri ya volti 12, roboti inapata 5. Kebo ya juu ibebe mawasiliano na picha, na iwe imara kiasi cha kuivutia roboti mota zote zikifa.

Kupima thrasta huhitaji maabara. Chukua mbao yenye msumari wa kuning'inia katikati, thrasta chini ikiwa ndani ya maji, mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki juu, urefu sawa pande zote mbili za msumari. Inachosoma mizani ndiyo msukumo wako. Andika kilo na ampea kwa kila hatua ya mwendo. Usipimie kwenye ndoo wala pipa la lita 200: maji yanayosukumwa hugonga ukuta na kurudi, namba inadanganya. Simtanki la lita elfu mbili lililokatwa juu linafaa, lambo linafaa zaidi. Kwenye lambo vaa mabuti ya mpira na usiingie maji ya magotini, kwa sababu maji yaliyotuama ndiyo makazi ya konokono wa kichocho.

Mtera usiende kimyakimya. Ukuta na milango ya maji iko chini ya TANESCO, bwawa lenyewe lina Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, na mtu anayetumbukiza chombo chenye nyaya karibu na mitambo ya umeme bila kibali atajieleza kwa askari. Barua ya chuo au ya halmashauri husaidia. Ukisharuhusiwa, kaa mbali na milango ya kuingizia maji wakati mitambo inafanya kazi. Mvuto wake ni mkubwa kuliko thrasta nne zako zikijumlishwa. Roboti ikikwama, ivute kwa kebo ukiwa kwenye mtumbwi wa mvuvi mwenyeji. Usiifuate.

Thrasta moja ikikupa kilo moja ya msukumo kwa wati 45 hivi, na baada ya wiki nzima ndani ya maji ya chumvi testa bado haisomi kitu, hiyo ni thrasta. Tengeneza nyingine tatu kama hiyohiyo, bila kubadili chochote ila upande wa kuzunguka wa propela.